Uniti Zinaliwa na Paa

(Mazungumzo na wakazi katika ukumbi wa kata, Dodoma, yaliyoandikwa kama yalivyotolewa)

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, na wengine wote poleni na joto.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie bei ya umeme. Nitaipa dakika mbili, halafu nitahamia kwenye paa. Walionisikia mwaka jana wanajua ndiko ninakokwenda, naona wameshaanza kucheka.

Bei mnaijua. Kwa mita ya kawaida, elfu kumi inaleta uniti 28. Uniti yenyewe ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, makato ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inafika 356. Yule wa matumizi madogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, uniti yake ni shilingi 100 kabla ya makato, ndiyo maana 9,150 inampa 75 kamili. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kila mwezi, inakatwa humohumo kwenye luku. Ukikaa miezi mitatu hujanunua, siku unayonunua inakatwa yote kwa mkupuo. Kwa hiyo unayeapa kwamba ukinunua mwanzo wa mwezi uniti zinapunjwa, hujaibiwa, umekatwa kodi. Bei nimeimaliza.

“Lakini mwalimu, Bwawa la Nyerere si limekamilika, megawati 2,115, mbona uniti haishuki?” Swali hili naulizwa hata msibani. Bwawa linaongeza umeme kwenye gridi. Bei inapangwa na EWURA, na nguzo, nyaya na transfoma hazilipwi kwa maji ya Rufiji. Mkitaka tuidai ishuke, mimi nipo, nitakaa mstari wa mbele. Ila hata uniti ikishuka shilingi hamsini, na AC yako inashindana na bati usiku kucha, hiyo hamsini utaiona wapi?

Haya, paa.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita utosini kabisa, na mwanzoni mwa Machi linapita tena. Katikati ya hapo haliendi mbali. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hulionja tu. Wa mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi hupigwa jioni, paa hupigwa kutwa. Sasa piteni Kisasa, Ilazo, Nzuguni, mtazame tunavyoezeka: bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee, maana ndiyo inayopendeza kwenye picha. Chini yake siling, na katikati hewa iliyofungiwa isiyo na pa kutokea. Bati la rangi hiyo saa nane mchana linaweza kupita nyuzi 60. Joto lake linashuka kwenye siling, siling inakurudishia wewe kitandani saa nne usiku, wakati ambao uani kumeshapoa na majirani wanapiga soga.

Kuna bwana mmoja, mtumishi aliyehamia hapa na ofisi yake kutoka Dar, aliniita. Amejenga vizuri, nyumba unaisalimia. Luku inaisha kabla ya mshahara, na yeye ameshaamua kwamba mita inakimbia. Ameleta fundi wa kwanza, ameleta wa pili, amegombana na mtoto wa jirani akimshuku kuunga waya. Nilifika jioni. Akanipeleka kwenye mita, nikamwambia baba, nipe ngazi. “Ngazi ya nini? Mita iko chini!” Nikafungua kile kimlango cha siling nikamwambia panda wewe. Akaingiza kichwa na mabega. Alivyoteremka shati limelowa, akamwita mkewe: “Mama Neema, huku juu kuna tanuri!” Saa moja na nusu usiku, jua limeshazama.

Tulichofanya hakikuhitaji mhandisi. Tulitoboa matundu makubwa kwenye gebo zote mbili, zile kuta za pembetatu chini ya paa, tukaziba kwa wavu ili popo wasihamie, hewa ya moto ikapata njia. Bati likapigwa rangi nyeupe. Hapo mama aligoma. Nyumba itafanana na ghala la mahindi, watu watasemaje? Nikamwambia watu hawakununulii luku. Kitanda tukakitoa kwenye ukuta wa magharibi, kwa sababu tofali za saruji zinakunywa jua la jioni na kulitapika hadi usiku wa manane. Nje ya ukuta ule wakapanda mwarobaini. AC bado ipo, inawashwa wakija wageni kutoka Dar. Kumuomba radhi mtoto wa jirani sijui kama alikwenda.

Sasa hesabu, maana mnapenda shilingi. AC ya kawaida ya chumbani, ile ya BTU 12,000, ikifanya kazi bila kupumzika inakula karibu uniti moja kwa saa. Chumba kikiwa na nafuu, inapoza, inanyamaza, inaamka tena. Chini ya bati la damu ya mzee hainyamazi. Saa nane za usingizi ni uniti 8, karibu shilingi 2,850. Kwa mwezi ni 85,000, na hujapika wala kupiga pasi. Feni ya wati 60 kwa usiku huohuo ni nusu uniti, shilingi 170 hivi. Na wewe wa uniti 75, una uniti mbili na nusu tu kwa siku. Ukiwasha AC saa tatu usiku, saa tano na nusu umezimaliza. Ukizoea kuvuka, unahamishwa kundi, uniti ya shilingi 100 inakuwa ya 292. Halafu unasema umeme umepanda. Haujapanda, umepandishwa na paa lako!

Mtu wa Dar ataniambia joto haliwezekani bila AC. Kwao namwelewa. Pale hewa ina maji, jasho halikauki. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu. Jasho linakauka kabla hujalifuta, ndiyo maana feni inatosha. Fungua madirisha usiku, yafunge asubuhi na pazia ulishushe kabla jua halijakuzoea. Upepo wetu unatoka mashariki na kusini mashariki, bure, na sisi tunauwekea dirisha la alumini la kusukuma ambalo hata ukilifungua lote limefunguka nusu. Vumbi? Lipo, futa. Mbu? Weka wavu. Wezi? Si una grili.

Wagogo walijua haya. Tembe, nyumba yao ya asili, lilikuwa na paa la udongo, kuta nene na vitundu vidogo, joto la mchana likichelewa kuingia hadi limkute mtu amemaliza kula. Nikisema hivi vijana wanacheka kwamba mwalimu anataka turudi kwenye tembe. Lilivuja, lilikuwa na giza, nyoka alikuwa mpangaji. Siwarudishi huko. Nasema yule mzee alianza na paa, sisi tunaanza na geti. Hata nyumba za zamani za Uzunguni zina baraza pana linalokinga kuta, na waliozijenga hawakuwa na AC.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilitaka nigusie na friji: iachie nafasi nyuma, na usiisogeze karibu na jiko. Hita ya kuogea inakula kuliko AC, ila kwa dakika chache, na kwa joto hili sijui mnachemsha maji ya nini. Wapangaji sita kwenye mita moja hamtabaki kwenye uniti 75 hata mkilala gizani, mwambieni mwenye nyumba kila mmoja awekewe yake, ugomvi wa nani ana friji uishe. Hilo lingetaka siku yake.

Kuna mzee pale amenyoosha mkono tangu nitaje tembe, naona hajafurahi. Karibu, mzee, kipaza sauti hicho.