Dar inawaka mguso mmoja, Njombe inagoma

Shikamooni wazee, vijana mambo. Mmeona asubuhi ya leo, nyasi nyeupe utasema kuna mtu kapita anamwaga chumvi, na hapo nje kuna Hilux ya mwenzetu imegoma. Alitaka tuisukume nikamkatalia, nimemwambia iache hivyohivyo na baridi yake, tutaihitaji.

Kila ikifika Juni na Julai swali ni lilelile, fundi, gari yangu ya dizeli Dar inawaka mguso mmoja, nikilala nayo Njombe au Makete asubuhi haiwaki, mafuta ya huku yana nini? Mafuta hayana kitu bana. Gari yako ilianza kuumwa hukohuko Dar, joto tu lilikuwa linakufichia.

Dizeli haina plagi ya cheche, hilo mnalijua. Inavuta hewa tupu, inaibana, kwa hizi injini za Toyota za zamani kama 5L na 1HZ inaibana zaidi ya mara 20, na hewa ikibanwa hivyo inapata moto wa nyuzi mia tano na kitu, mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Sasa asubuhi ya nyuzi mbili tatu chuma chote kimepoa, ule moto unanyonywa na kuta za silinda kabla haujafanya kazi yoyote. Halafu kuna kitu watu hawakisemagi, huku tuko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa ni pungufu kama asilimia 20 ukilinganisha na Dar, yaani hata kabla pistoni haijapanda umeshaanza na hasara. Ringi za pistoni zimechoka kidogo, zinavujisha hewa? Dar unasamehewa, hapa husamehewi.

Kwahiyo kabla hujashika spana sikiliza stata, halafu mtu mmoja asimame nyuma aangalie ekzosi. Stata ikizunguka kivivu, ng'a... ng'a... usiguse nozeli wala pampu, shida iko kwenye umeme au oili. Betri ikipoa inapungua nguvu, na oili nzito ya 20W-50 kwa baridi hii inakuwa kama uji wa ulezi, ndo maana mi nawaambia wanaolala huku waweke 15W-40, nyepesi kidogo. Pima betri wakati stata inapigwa, ikishuka chini ya volti 9 na nusu hiyo imechoka, au tamino zina kutu, au athi ya injini, ule waya unaoiunganisha na bodi, imelegea, na hii athi aisee imewauzia watu betri ambazo hawakuzihitaji.

Stata ikizunguka vizuri na ukaona moshi mweupe unaouma macho, shukuru, maana mafuta yanafika ila hayawaki, hayajapata joto la kutosha. Hapo nenda moja kwa moja kwenye hita plagi, zile plagi zinazopasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Na msidanganyike na ile taa yake ya dashibodi! Magari mengi ile taa inahesabu muda tu, itawaka na kuzima vizuri kabisa hata kama plagi zote nne zimekufa.

Kuna dereva wa Hiace alifika kwangu ameshanunua betri mpya, stata imefunguliwa na kufungwa, kuna fundi mwingine kashamwambia pampu imekufa ajiandae kwa laki kadhaa. Nikatoa ule ukanda wa shaba unaounganisha plagi, nikapima moja moja, tatu zimekufa. Alikuwa anatembelea plagi moja sijui tangu lini, na Dar haikumsumbua hata siku moja.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Toa ukanda, mita iweke kwenye omu, waya mmoja kwenye ncha ya plagi mwingine kwenye athi, nzima itasoma karibu na omu moja au chini yake, iliyokufa haisomi kitu. Huna mita tumia taa ya kupimia, mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye ncha ya plagi, taa ikiwaka hiyo plagi haijakatika. Zote zikiwa nzima angalia kama umeme unafika ukiwasha swichi, usipofika hapo ni fyuzi au rilei.

Na kama hakuna moshi kabisa, hata kidogo, basi mafuta hayafiki. Mara nyingi ni hewa, mpira wa mafuta una ufa, usiku dizeli inarudi zake kwenye tenki, ukipampu kwa mkono juu ya filta gari inawaka, kesho tena vilevile. Mwaga na maji ya filta ukiwa hapohapo.

Spreya ya kuwashia, hapana. Kwenye injini yenye hita plagi ile kitu inalipuka kabla ya wakati wake, inavunja ringi. Na kuwasha moto wa kuni chini ya tenki, mzee wangu nakuona unacheka, najua umeshafanya, acha.

Haya, nani ana mita? Twendeni kwenye ile Hilux sasahivi, jua likishaipiga itawaka na hatutaona kitu.