Nani Anafaidika na Mzimu?

Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa vitabu

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokosa viti mkakaa sakafuni, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu nilivyosoma tangu mvua zilipokatika hadi sasa korosho zinapoanza kudondoka, nami nimechagua vile ambavyo sisi walimu tumezoea kuwanyang'anya wanafunzi darasani: hadithi za kutisha, pamoja na jirani zake, yaani riwaya za upelelezi na za mambo ya ajabu. Wahakiki wetu wameziweka zote katika kapu moja wakaliita riwaya pendwa, na neno hilo, ingawa linasikika zuri, mara nyingi limetumika kuzipunguzia hadhi. Mimi mwenyewe nimefunga kabatini vitabu vingi vya namna hiyo kwa miaka mingi. Leo naamini kwamba nilikosea, na ninataka kueleza kwa nini.

Nilipokuwa nasoma kitabu kimoja baada ya kingine, swali moja lilinijia kila mara, likakataa kuondoka: katika hadithi hii, nani anafaidika na mzimu? Sikulitafuta swali hilo. Lilitoka kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Nilikuwa nimeisoma nikiwa kijana, nikakumbuka tu kiko cha mpelelezi Bwana Msa na wingi wa maneno yake. Safari hii niliisoma polepole, nikaona jambo ambalo ujana ulinificha. Tajiri mwenye mashamba ameuawa, na kifo chake kimefungamana na mahali patakatifu panapoogopwa na watu wote, kiasi kwamba hata wanaotaka kuuliza wanasita. Bwana Msa hawadharau wanaouogopa mzimu, wala hapotezi muda kubishana nao kama upo au haupo; anauliza tu nani alikuwa wapi, nani alipata nini, na nani angependa watu wasisogelee mahali pale. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa fasihi yote ya kutisha, si ya upelelezi peke yake. Hofu ni pazia, na mwandishi mwenye akili hutuonyesha kwanza uzuri wa kitambaa chake, kisha mkono unaolishika.

Nikalipeleka swali hilohilo kwa Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotoka Uingereza mwaka 1897, ambayo wengi wetu tunaijua kwa filamu bila kuwahi kufungua kitabu. Wanaotegemea meno na damu katika kurasa za mwanzo watashangaa. Kinachomfikisha kijana Jonathan Harker kwenye lile ngome la milimani ni karatasi za mauziano ya nyumba: yeye ni wakili aliyefuzu juzi tu, na mwenyeji wake ni bwana mkubwa wa ardhi anayetaka kununua jumba karibu na London. Baadaye bwana huyo anasafirisha kwa meli masanduku 50 ya udongo wa kwao, kwa sababu hawezi kupumzika ila juu ya udongo huo. Mtu yeyote wa pwani yetu ya kusini, ambako mpaka wa shamba unaweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja, anaelewa mara moja kitabu hiki kinaogopa nini. Kinaogopa mwenye mali ambaye hafi, na kwa kuwa hafi hana wa kumrithisha, na kwa kuwa hana wa kumrithisha kila anachokigusa kinabaki kuwa chake. Damu imekuja baadaye.

Sasa nirudi nyumbani, kwa maana hapa ndipo penye utajiri. Hakuna mtu aliyekulia Mtwara au Lindi ambaye hajasikia habari za ndondocha. Kwingineko nchini wanasema msukule, lakini sisi tuna neno letu. Ni mtu ambaye watu wanadhani amekufa, wamemlilia na kumzika, kumbe, kama wasemavyo, amechukuliwa na mchawi, amefungwa ulimi, naye hutolewa usiku kwenda kulima. Ninawaomba mtazame maneno hayo ya mwisho. Ndondocha wa kwetu hali watu, wala harukii mtu barabarani kama wale wa filamu za Marekani. Ndondocha analima. Anapalilia shamba la mtu mwingine usiku kucha bila ujira, na asubuhi majirani wanashangaa shamba la fulani limekuwaje safi ilhali hawajamwona na kibarua hata mmoja. Kinachotisha katika hadithi hii ni kazi: kwamba hata kifo hakikupi ruhusa ya kuweka jembe chini.

Watu wa Haiti nao wana kiumbe wa namna hiyo, na jina walilompa ndilo hilo zombi ambalo filamu zimelisambaza duniani. Alizaliwa katika mashamba ya miwa, mahali ambapo Waafrika waliotekwa walifanyishwa kazi hadi kufa chini ya Wafaransa, kabla ya nchi hiyo kujikomboa mwaka 1804. Kwa mtumwa, tumaini moja lililobaki lilikuwa kwamba kifo kingemrudisha kwao. Zombi ni hofu kwamba hata hilo lingechukuliwa. Nami nikisoma hayo siwezi kuacha kufikiri juu ya Kilwa Kivinje, hapo kaskazini yetu, ambako katika karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishusha watu ili wapelekwe Zanzibar. Sina hati ya kuthibitisha kwamba ndondocha wetu ametoka katika njia zile, na simlazimishi mtu kukubali. Nasema tu kwamba nchi iliyoona binadamu wakipita kwa minyororo, wakiwa hai lakini wamekwisha kuliliwa na ndugu zao, ina sababu ya kusimulia hadithi ya mtu aliyezikwa ambaye bado anafanyishwa kazi mahali fulani.

Ndiyo maana Frankenstein ya Mary Shelley ilinigusa kuliko nilivyotarajia. Aliianza mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18, katika kiangazi kisichokuwa na jua huko Uswisi, kwa kuwa mlima wa Tambora uliolipuka Indonesia mwaka uliotangulia ulikuwa umejaza anga vumbi. Kitabu kikachapishwa London mwaka 1818 bila jina lake. Watu husema Frankenstein ni jina la lile jitu. Sivyo. Ni jina la kijana msomi aliyeliunda, kisha akalikimbia usiku uleule lilipofumbua macho. Kuna sura moja ambayo nimeisoma mara tatu. Jitu limejificha kwenye kibanda kilichogusana na nyumba ya familia maskini, linachungulia kupitia ufa mdogo, linajifunza kusema kwa kuwasikiliza. Linapogundua kwamba kijana wa nyumba ile anapoteza muda mwingi kutafuta kuni, linaanza kutoka usiku, likichukua vifaa vyake, na kuwaletea kuni za siku kadhaa. Asubuhi wanafungua mlango, wanakuta lundo la kuni, na wanasema lazima ni roho njema. Basi, huyo si ndondocha? Tofauti ni kwamba yeye anafanya kazi usiku kwa hiari, kwa kutamani kupendwa, na siku anapojionyesha mchana anapigwa kwa fimbo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa barazani muda mrefu.

Niseme sasa juu ya usiku wenyewe, kwa sababu waandishi wetu chipukizi, ambao simulizi zao zinapita kwenye simu sehemu baada ya sehemu, wanaandika usiku wa kuazima. Katika simulizi saba nilizosoma kwa miezi hii, tano zinaanza na mwezi mpevu. Mwezi unang'aa, mbwa wanabweka, na kiumbe kinatokea. Nauliza: nani wa Lindi vijijini anayeogopa mwezi mpevu? Usiku wa mwezi mpevu ndio watoto wanacheza nje na wazee wanakaa kuzungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini Tanzania kuanzia mwaka 1990, na wengine 308 waliojeruhiwa, na mikoa yetu ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Mikasa ilizidi mwezi Machi hadi Mei, wakati mazao yanapokomaa, kwa sababu nguruwe pori huingia mashambani, mkulima huenda kulala kwenye dungu ili kuwafukuza, na simba huwafuata nguruwe. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unachelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku zinakuwa giza tupu, ilhali simba ana njaa kwa kuwa mwanga wa siku zilizopita ulimharibia mawindo.

Hebu fikirini hayo kama waandishi. Hofu yetu haiko kwenye mwezi mpevu. Iko siku chache baadaye, saa moja na nusu ya jioni, mtu akiwa juu ya dungu la miti na makuti, akigonga debe ili asikike, akisubiri mwezi ambao siku ile ya mwezi mpevu ulikuwa umekwisha kutoka saa hizi. Mwandishi atakayeandika kile kipindi cha kusubiri, bila kumtoa simba hata mara moja, atanitisha mimi. Na swali langu litamsaidia. Wako watu waliosema simba wale si wa porini, ni simba wa kutumwa, na kila simba wa kutumwa anahitaji aliyemtuma, na aliyemtuma akatafutwa miongoni mwa jirani, mara nyingi mzee asiye na mtetezi. Je, nani anafaidika na maneno hayo? Hakika si yule aliyeliwa, ambaye alikuwa kwenye dungu kwa sababu nguruwe wakimaliza mtama wake watoto wake watalala njaa.

Hapa sitapunguza ukali. Zipo simulizi nilizosoma ambamo kitisho chote ni bibi kizee mwenye macho mekundu, au mtu mwenye ualbino anayetajwa kama kiungo cha utajiri. Katika nchi ambayo watu wameuawa kweli kwa imani hizo, mwandishi anayeandika hivyo ameacha kazi ya fasihi na kuingia katika kazi ya uchongezi. Macho ya bibi yule yamekuwa mekundu kwa moshi wa mafiga. Andika juu ya moshi. Andika juu ya yule anayetaka shamba lake.

Kasoro nyingine nitazipitia haraka. Miisho inayosema kwamba yote yalikuwa ndoto inamnyima msomaji haki yake. Mganga au mchungaji anayetokea sehemu ya mwisho na kumaliza kila kitu kwa dakika tano anaonyesha kwamba mwandishi alichoka. Na haraka ya kuonyesha uso wa zimwi ni kosa ambalo Wamakonde hawajawahi kulifanya: katika ngoma ya mapiko kila mtu mzima anajua kwamba nyuma ya kinyago yumo mtu, na bado moyo unashtuka, kwa sababu mchezaji anajua lini ageuze shingo. Kinyume cha kasoro hizo, mtafuteni Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001. Babu anarudi kutoka kwa wafu kumkabili mjukuu wake, K, kigogo aliyejineemesha na kuisahau nchi, na anachomfanyia ni kumtembeza na kumwonyesha. Hakuna kucha wala meno, ila sijasoma marehemu anayetisha kuliko huyo, kwa sababu amekuja kudai hesabu.

Nimalizie kwa daftari moja. Mwezi uliopita msichana wa kidato cha tatu aliniletea hadithi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, kurasa kumi na moja. Mama mmoja, mjane, hana shamba la mikorosho wala hajawahi kufanya kazi ya kubangua. Lakini kila asubuhi anaamka amechoka, na ncha za vidole vyake zimebabuka na kuwa nyeusi, kama za mtu aliyeshinda akibangua, aliyeunguzwa na mafuta ya maganda. Binti yake anampaka mafuta ya nazi. Siku inayofuata, weusi umepanda hadi kwenye viungo vya vidole. Binti anaamua kukesha. Usiku wa manane anamwona mama yake amekaa kitandani, macho yamefumbwa, mikono inafanya kazi hewani: anashika, anagonga, anatupa ganda, anashika tena, kwa mwendo uleule usiobadilika. Na kutoka nyumba ya pili, na ya tatu, na ya nne, binti anasikia mgongano uleule, wote kwa pamoja, kijiji kizima.

Hadithi ilikatikia hapo. Nilimwambia ni nzuri kuliko vitabu vingi nilivyovinunua mwaka huu, kisha nikamuuliza korosho zile zinakwenda wapi. Alinyamaza kidogo, akachukua daftari lake, akasema, "Mwalimu, hapo ndipo nilipokwama. Najua ghala lilipo. Sijaamua kama binti afungue mlango."

Nilimrudishia kalamu. Juzi amenitumia ujumbe kwamba amefika ukurasa wa kumi na tisa na mlango umefunguliwa nusu.

Ahsanteni sana. Kama yapo maswali, nitayapokea.