Filamu Iliyobuma Nayo Itazamwe

Wakubwa shikamooni, vijana habari zenu.

Wengi wetu hapa Dar tumejulia filamu kwenye vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni imepandishwa juu, na mtafsiri kama Lufufu anatusimulia kwa Kiswahili. Pale hakuna aliyejua muvi imeingiza dola ngapi Marekani wala wahakiki wameiponda vipi. Ikinoga watu walishangilia, isiponoga walizomea. Leo mtu anashika simu, anaona nyota mbili, basi, hukumu imeshapita. Inaniuma sana, maana tunawaachia watu wengine macho yetu.

Chukueni filamu ya kutisha The Thing, ya mwongozaji John Carpenter. Ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili tu baada ya E.T. Watu ndio kwanza wametoka kumlilia kiumbe mpole wa anga za mbali, mara wanaletewa kiumbe anayeingia miilini mwa watu na kujigeuza wao. Wahakiki waliishambulia, mauzo yakasuasua. Siku hiyohiyo iliingia Blade Runner, nayo ikabuma. Leo zote mbili zinahesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za aina yake.

Katika The Thing, tazameni pale watu wanapopimana damu ili kumjua nani ameshageuzwa na kile kiumbe. Baadhi yao wamefungwa kamba kwenye kochi. MacReady, mhusika mkuu, anapasha waya moto, anauchovya kwenye kisahani cha damu ya mmoja, kisha ya mwingine. Damu inatoa mlio wa kuungua tu, hakuna kitu. Unaanza kuzoea. Yanazuka mabishano, sikio lako linafuata maneno, na hapo hapo damu inaruka. Ufundi huo ulikuwemo tangu siku ya kwanza, ila wengi walikuwa wameshakasirika kabla ya kufika hapo.

Sasa tuje nyumbani, kwenye Bongo Muvi. Sisemi tusifie kila kitu. Mbovu ni mbovu: kuna sauti zisizosikika, na kuna hadithi zilizovutwa makusudi ili ziuzwe sehemu ya kwanza na ya pili. Hilo la pili lilikuwa shauri la soko la kanda na DVD, na ukilijua unaweza kuitenganisha hadithi na maji iliyoongezewa. Halafu mwangalie mwigizaji. Marehemu Mzee Majuto angeweza kubeba filamu dhaifu peke yake, kwa kusimama tu mlangoni na kumkodolea mtu macho kabla hajasema neno. Anayezima dakika ya kumi kwa sababu ya sauti mbaya hayaoni hayo, na kesho ndiye atakayesema Watanzania hatujui kuigiza!

Kwa hiyo naomba hivi. Tukikutana tena, kila mmoja aje na filamu moja ya Kitanzania iliyodharauliwa, awe ameitazama hadi majina ya mwisho, na atuonyeshe sehemu moja tu anayoitetea. Tutakaoipinga, tuipinge tukiwa tumeiona. Vijana wa nyuma, nawasikia mnanong'ona. Mmeshapata ya kuleta?