Kuosha madirisha ya ghorofa bila ngazi: maji kwanza, mpini baadaye

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo. Leo tuko Njiro, hapa Arusha, kwenye nyumba ya ghorofa mbili. Kabla sijagusa dirisha, angalia hivi vipande viwili vya kioo vilivyolala mezani. Nimeviosha asubuhi kwa sabuni ileile, nikavisuuza, nikaviacha juani vikauke vyenyewe bila kitambaa. Cha kushoto nimekisuuza kwa maji ya bomba, cha kulia kwa maji yaliyochujwa. Dogo, sogeza kamera. Unaona cha kushoto? Kama mtu amekipitishia unga wa muhogo. Cha kulia hakina hata doa.

Watu wakiniona na mpini wa mita tisa wanauliza mpini, umetoka wapi, unauzwaje. Mpini kazi yake ni kupandisha maji tu, mpaka kwenye brashi iliyo nchani. Maji ndiyo yanayosafisha, na ndiyo yatakayokuaibisha.

Sisi watu wa Arusha hatuhitaji kuhadithiwa habari za maji yetu, meno yetu yenyewe, na madoa yake ya kahawia, yanatosha kuwa ushahidi. Meru ni mlima wa volkano. Maji yanapita kwenye miamba yake yakibeba floraidi na magadi, na visima vingi vya huku vinapita mbali kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa kioo, floraidi ni sehemu tu ya tatizo. Chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji hayaruki na mvuke. Maji yanakauka, yenyewe yanabaki pale kama doa jeupe. Ndiyo maana fundi wa kawaida hulazimika kufuta kila tone kwa raba na kitambaa, na ili afute, lazima apande ngazi. Sisi tunaondoa kilichoyeyuka kabla maji hayajafika kwenye kioo, halafu tunayaacha yakauke yenyewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima. Hiki kidude kidogo kama kalamu ni mita ya TDS, kinasoma miligramu za vitu vilivyoyeyuka kwenye lita moja. Nachota maji ya bomba la hapa, nazamisha. Inasoma 340. Sasa nachota ya kwenye tanki langu: sifuri. Ikisoma chini ya 10 kwa kawaida kioo hakitabaki na madoa, lakini mimi nikiona 5 tu nasimama. Ndugu zetu wa Moshi mnaotumia maji ya chemchemi za Kilimanjaro mna unafuu, maji yenu ni mepesi. Pimeni hata hivyo. Maji kuwa matamu mdomoni hakukwambii chochote kuhusu kioo.

Hatua ya pili, kuchuja. Nifuate huku nyuma ya kirikuu. Maji yanaingia hapa kwenye filta ya kuzuia mchanga na tope, ya maikroni 5. Yanaingia filta ya mkaa, ambayo inaondoa klorini. Usiiruke hii ukidhani klorini haina neno, maana klorini inakula ile membreni inayofuata, yaani utando wa kuzuia chumvi, na membreni ndiyo ghali. Hii hapa, bomba nene jeupe lenye hiyo membreni ndani, ndiyo RO yenyewe, kifupi cha reverse osmosis. Inasukumwa na pampu, maana presha ya bomba zetu mnaijua, leo ipo kesho haipo. Inatoa sehemu kubwa ya chumvi, zaidi ya asilimia 90 ikiwa nzima. Kinachobaki kinamalizwa na resini, hizi chembe kama mayai ya samaki zilizojaa kwenye mtungi wa mwisho.

Kuna mtu atasema: si niweke resini peke yake, niachane na hiyo RO? Unaweza. Kwa maji ya Moshi, kama nyumba ni chache, hesabu inaweza kukubali. Kwa maji ya 340 kama haya, resini itakufa haraka na faida yako yote itaishia dukani. Ikianza kuchoka utajua hata kabla ya mita: maji yanaanza kunuka samaki.

Mambo matatu ambayo naulizwa kila mara, niyamalize hapa. Kuchemsha hakusaidii, unapunguza maji na kuacha chumvi zote kwenye sufuria. Chujio la mkaa wa mifupa, lile linalotumika huku kwetu kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa, ni zuri kwa meno ya watoto lakini halishushi TDS mpaka sifuri. Na zile mashine za kulainisha maji kwa chumvi zinabadilisha madini fulani kwa sodiamu, jumla inabaki palepale. Kinachosaidia kweli, na ni bure, ni mvua. Wakati wa masika, ukiacha manyunyu ya mwanzo yasafishe bati kwanza ndipo ukinge, unapata maji yenye TDS ndogo sana. Yapitishe kwenye filta na resini, resini yako itadumu. Mimi mwezi wa nne RO yangu inapumzika.

Ah, na maji machafu yanayotoka kwenye RO, maana kwa kila lita safi kuna nyingine inatupwa, usiyamwage barabarani. Mimi nayakinga kwenye lile pipa. Yanadeki, yanaosha gari. Jirani akiona maji yanatiririka getini kwako wakati mtaa mzima una mgao, atakuchukia na atakuwa na haki.

Kazi yangu ya kwanza ya ghorofa ilikuwa jengo moja la ofisi mjini. Nilijaza tanki usiku, asubuhi nikapakia nikaondoka bila kupima. Niliosha mbele nzima, ikang'aa, nikapiga picha, nikalipwa nusu. Saa tisa alasiri nikapigiwa simu. Jua lilikuwa limepiga mbele ya jengo, na vioo vyote vilikuwa na madoa kama vimenyeshewa na chokaa. Resini ilikuwa imekwisha nami sikujua. Nilirudi siku ya pili nikaosha upya kwa gharama zangu. Tangu siku hiyo napima mara mbili: kwenye tanki, na tena pale maji yanapotokea kwenye brashi.

Hatua ya tatu, zunguka nyumba. Usifungue chochote bado. Angalia juu. Kuna nini pale kona? Waya wa TANESCO unaoingia nyumbani. Mpini wangu ni wa kaboni, na kaboni inapitisha umeme vizuri tu. Ukisema unatumia wa faibaglasi, sawa, lakini ukilowa na maji machafu ya mavumbi usiuamini pia. Nyaya kubwa za barabarani zina volti 11,000 au 33,000, na hizo hazisubiri uziguse, zinaweza kuruka. Sheria yangu: nachukua urefu wote wa mpini ukiwa umenyooka, naongeza mita tano, na ndani ya umbali huo kukiwa na laini kubwa sinyanyui kitu. Madirisha ya upande huo mwenye nyumba ataambiwa kwa heshima kwamba hayaoshwi kwa njia hii. Huku Njiro ongeza na uzio wa umeme juu ya ukuta. Mwombe mlinzi auzime, na usubiri mpaka akuhakikishie.

Kisha bisha hodi. Mwambie mama mwenye nyumba au dada wa kazi afunge madirisha yote, avute mapazia mbali na kioo, aondoe nguo zilizoanikwa. Nyumba zetu nyingi zina madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, na raba zake zikizeeka maji yanapenya. Nikiliona la namna hiyo napunguza maji na kumwomba mtu aweke taulo kwa ndani.

Haya, hatua ya nne. Nyoosha mpira kutoka kwenye gari, upite pembezoni mwa ukuta, mtu asijikwae. Simamisha mpini wima, ni vipande vilivyoingiana. Vipande vyembamba vya juu vinatoka kwanza, kimoja kimoja, unabana kibano kila kimoja, vile vinene vya chini mwishoni. Ukianza na vinene, vibano vya juu vinakukimbia na huwezi kuvifikia. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake. Na dole gumba lisikae juu ya kiungio, kipande kikishuka ghafla utaona nyota mchana. Usitoe urefu kuliko unaohitaji. Kila mita ya ziada inayumba.

Sasa simama mbali na ukuta. Kosa la wanaoanza ni kusimama chini ya dirisha kabisa, matope yanakumwagikia usoni na shingo inavunjika. Rudi nyuma mpaka mpini ulale kidogo ukiegemea kioo. Mguu mmoja mbele, mkono mmoja kifuani, mwingine kiunoni. Anayesukuma ni mwili, mikono inaongoza tu. Kofia ngumu kichwani.

Fungua maji. Lita mbili kwa dakika zinatosha, kwa hiyo lita 100 zinakupa kama dakika 50 za kazi. Anza na dirisha la juu kabisa, na usianze na kioo. Anza na fremu ya juu. Piga brashi huku na huku kwenye ukingo wake, kwenye raba, kwenye pembe zenye utando wa buibui. Unaona rangi ya maji yanayoshuka? Nyekundu kama chai ya rangi. Hilo ni vumbi la tangu Julai. Ukiosha kioo kwanza halafu fremu iendelee kulia juu yake nusu saa nzima, umefanya kazi ya bure. Kama kuna wavu wa mbu kwa nje, osha wavu kabla ya yote. Kisha pembeni za fremu. Kisha ndipo kioo, juu kwenda chini, mapigo mafupi yanayopandana. Kinyesi cha ndege kilowanishe, nenda dirisha la pili, rudi. Ukikisugua kwa nguvu kikiwa kikavu unakitandaza.

Sasa kusuuza, na hapa ndipo fundi anapotengana na mwosha magari. Angalia kioo kinavyopokea maji. Hiki cha kushoto yanatanda kama shuka. Kwenye kioo cha namna hii nanyanyua brashi kidogo, upana wa vidole viwili, na kuacha maji yateremke yenyewe kutoka pembe moja ya juu mpaka nyingine. Hiki cha kulia maji yanajikunja kuwa matone, kioo kinayakataa. Ukinyanyua brashi hapa utaacha matone makubwa yenye uchafu ndani. Usiinyanyue, suuza huku brashi imegusa kioo, polepole, ukimalizia kwa kuivuta chini mpaka kwenye kizingiti. Kizingiti chenyewe kimalize vizuri, ndiko tope lote limekaa.

Kishawishi cha kuharakisha kusuuza ni kikubwa, hasa mkono ukishachoka. Ukiwa na haraka, harakisha kusugua. Kusuuza kupe muda wake.

Jua la saa sita si adui kama maji ni safi, lakini vumbi likikauka kabla hujalisuuza unarudia. Mimi nalikimbia jua: asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki.

Nyumba ambayo haijaoshwa miaka, mwambie mteja mapema kwamba mzunguko wa kwanza huenda usitoshe. Fremu zina vumbi ndani ndani litakaloendelea kutoka. Na kuna vitu ambavyo maji hayatavitoa kamwe: matone ya rangi, saruji ya fundi ujenzi, gundi. Hivyo vinataka mtu afike karibu na wembe wa kukwangulia na kioo kilicholowa, na kama ni juu, vinataka jukwaa la kazi lililofungwa vizuri. Upande wa ndani wa kioo pia ni kitambaa na raba kama zamani, usije ukapandisha maji sebuleni kwa watu.

Tumemaliza upande huu. Usifute. Najua mkono unawasha ukiona yale matone, yaache. Wakati yanakauka, fungua vibano, rudisha vipande, vimwage maji, vifute mchanga kabla hujavifungia, maana mchanga wa Arusha unakwangua kaboni kama msasa. Membreni na resini zisikauke, ziba midomo yao zikae na unyevu.

Imepita nusu saa. Dogo, njoo na kamera hapa chini ya dirisha la kwanza, piga kwa mshazari, jua likiwa nyuma yako. Sogea. Pale kona ya chini kushoto, unaona mstari mmoja? Fremu ya juu ilikuwa bado inatoa. Toa mpini tena, tunalirudia hilo.