Kwa Nini Ndoo Hukatika Sikio

Ndugu zangu, nimekuja na ndoo. Ni ya lita 20, na sikio lake moja halipo. Jirani yangu wa Nkuhungu aliinunua mpya, akaitumia wiki tatu. Siku hiyo aliinyanyua imejaa, kilo 20 za maji, akabaki na utambo mkononi na maji yote yamemwagika mlangoni. Anayeishi Dodoma na mgawo wa maji anajua uchungu huo.

Mara nyingi nimeambiwa, “Plastiki za siku hizi mbovu.” Hapana! Hebu litazameni jeraha lenyewe. Limefuata mstari mmoja ulionyooka, kutoka kwenye tundu la utambo hadi ukingoni. Mstari huo ulizaliwa kiwandani. Plastiki iliyoyeyuka huingia kwenye kalibu, yaani chuma kilichochongwa umbo la ndoo, kupitia kitako cha ndoo, ikapanda ukutani, na masikio ndiyo hujaa mwisho, ikiwa imeanza kupoa. Hapo inakuta kijiti cha chuma kinachoacha tundu. Inagawanyika, inakizunguka, inakutana tena upande wa pili. Chukua matonge mawili ya ugali uliopoa, uyabane. Yatashikana, lakini ukiyavuta yataachana palepale. Ndicho kilichompata jirani yangu.

Sasa, modeli ya kompyuta inauona mstari huo kabla kalibu haijachongwa. Unaipa umbo la ndoo, mnato wa plastiki (uzito wake wa kutiririka) katika kila joto, joto la kalibu na kasi ya kusukuma. Inakokotoa plastiki itafika wapi, sekunde ya ngapi, ikiwa na joto gani. Ukiona inakutana sikioni ikiwa imepoa, unabadilisha umbo la sikio, au unapandisha joto la kalibu, au unaongeza kasi. Kazi hiyo inafanyika mezani. Kalibu ikishachongwa, kosa limo ndani ya chuma, na kila ndoo itakayotoka humo italirithi.

Najua yupo anayewaza, “Si tuongeze unene tu?” Hili nimelijibu mpaka nimechoka, lakini nalijibu tena. Muda wa kupoa hukua kwa mraba wa unene. Ukuta wa milimita 2 ukiufanya 4, unasubiri mara nne. Mashine imekaa, umeme unakwenda, plastiki umetumia maradufu, na udhaifu wa pale plastiki inapokutana hujauondoa. Huo ni upotevu, na mteja ndiye anayeulipia.

Mwingine atasema fundi mzoefu hahitaji kompyuta. Fundi namheshimu, na bila yeye modeli itadanganya, kwa sababu ndiye anayejua mashine yake inafika joto gani kweli. Lakini fundi hujifunza kwa ndoo zilizoharibika. Mimi nataka tujifunze kabla ya kuziharibu. Na gharama isiwe kisingizio: OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko, imekuwa ya bure tangu 2004. Kijana wa uhandisi mwenye kompyuta nzuri na uvumilivu anaweza kuanza nayo leo.

Muda unakimbia, na nilitaka kusema mengi kuhusu plastiki iliyosagwa tena. Kwa ufupi, polipropilini, aina ya plastiki inayotengenezea ndoo, ikiyeyushwa mara kwa mara minyororo ya molekuli zake hukatika. Inatiririka kirahisi zaidi, lakini nguvu inapungua. Kwa hiyo anayechanganya plastiki iliyosagwa apime mtiririko wa kila mzigo: nyuzi 230, uzito wa kilo 2.16, gramu ngapi zinatoka kwa dakika 10. Namba hiyo ndiyo inayoirekebisha modeli. Bila kupima unabahatisha, halafu lawama zinawaangukia kinamama waliookota plastiki. Si haki.



Juni 1, 2019 tuliiaga mifuko ya plastiki, na nilifurahi. Ndoo hatuwezi kuiaga, maji yatakaa wapi? Ndiyo maana naidai idumu miaka. Ikikatika baada ya wiki tatu ni taka, hata kama ilitengenezwa kwa plastiki iliyosagwa tena.

Kabla ya maswali, ipitisheni hii mkono kwa mkono. Kila mmoja apitishe kidole kwenye sikio lililobaki, nyuma ya tundu. Mstari mtauhisi.