Kupima supu ya kwaki bila kijiko

Asanteni kwa kukaa wazee wangu na vijana, najua joto la Kisumu saa nane mchana si mchezo, lakini leo naongelea joto lingine kabisa so mtanivumilia.

Katikati ya jua kuna kama digrii milioni 15. Sasa chukua viini vya atomu za risasi, ile metali, vikimbize karibu na mwendo wa mwanga ndani ya ile mashine ya CERN, maabara ya fizikia kule Geneva, yenye mzunguko wa kilomita 27, vigonganishe uso kwa uso, unapata zaidi ya digrii trilioni 2, na hapo protoni na nyutroni zinayeyuka, kwaki na gluoni, chembe ndogo zilizofungiwa ndani, zinaachiliwa, unapata supu tunayoiita plazma. Ulimwengu wote ulikuwa hivyo mikrosekunde za kwanza.

Shida ni kupima. Hiyo plazma inaisha kabla mwanga haujavuka atomu moja, hakuna thamomita ya kuingiza, hakuna kijiko, unabaki na vipande vilivyoruka tu.

Mama pale mbele, chukua chapati mbili uzipishanishe kidogo. Pale zinapolaliana panakaa kama mtumbwi ukiuangalia kutoka juu, si ndio? Viini vikigongana bila kulengana sawasawa, plazma inaanza na umbo hilo. Ingekuwa gesi ya chembe zisizojuana, zingetawanyika sawa kila upande. Ikiwa kioevu, presha inasukuma zaidi ubavuni kuliko kwa ncha. Maabara ya Brookhaven, Marekani, walianza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000, wengi wakingoja gesi, wakakuta chembe zimejaa ubavuni, na mwaka 2005 wakatangaza: ni kioevu.

Na hapa ndipo mimi hupapenda sana, mnato. Uji mzito ukiukoroga unatulia haraka, maji yanaendelea kuzunguka. Mnato ungekuwa mkubwa, ile tofauti ya ubavu na ncha ingefifia njiani. Haikufifia! Hesabu zinaweka uwiano wa mnato kwa entropi, yaani kipimo cha mvurugiko, karibu na 1 gawanya kwa 4π, kama 0.08, maji yenyewe hayashuki hadi huko hata kidogo.

Halafu kuna jeti, yaani mchirizi wa chembe unaoachwa na kwaki iliyorushwa kwa nguvu. Kwaki mbili zinaruka mgongo kwa mgongo, iliyo karibu na ukingo inatoka na nguvu zake, mwenzake anavuka supu yote anafika amechoka, na ile nishati aliyoacha njiani ndiyo kipimo chetu. Watu wa ATLAS, kigunduzi kimoja cha kule CERN, waliiona mwaka 2010. Hebu zimeni taa niwaonyeshe picha ya mgongano wa aina hiyo, angalieni kushoto, jeti imesimama kama mnara, sasa angalieni kulia.