Chemsha bongo ya Aprili 26: tuandae kadi pamoja

Karibuni tena. Leo tunaandaa kadi 12 za chemsha bongo, zote za tarehe moja tu: 26 Aprili. Zinatosha nusu saa ya mchezo darasani au nyumbani siku ya Muungano. Manila kata vipande vya sentimita 10 kwa 15. Hilo halina darasa, twende.

Kadi ya kwanza ni Muungano, na hapa naomba usikimbie. Ukiuliza "Hati za Muungano zilitiwa saini lini?" jibu si 26. Nyerere na Karume walitia saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964. Muungano wenyewe ulianza tarehe 26. Kwa hiyo andika hivi, soma nami: "Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulianza rasmi tarehe ngapi?" Saini, 22. Kuanza, 26. Rudia kabla hujashika kalamu.

Na usiulize "Tanzania ilipata jina lake lini?" ukitegemea tarehe hiyohiyo. Siku ile nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilikuja baadaye mwaka huohuo. Swali tamu zaidi ni hili: nani alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais? Wengi watamtaja Kawawa. Kawawa alikuwa wa Pili. Wa Kwanza ni Karume.

Ngoja, hebu tazameni hapa. Nimeinua kadi kwenye mwanga na "Karume" inasomeka kwa nyuma! Maka peni inapenya manila nyembamba. Swali andika kwa maka peni, jibu kwa penseli, tena pembeni chini, mahali kidole gumba kinapofunika. Hii nyingine tunaandika upya... haya.

Guernica, 1937. Ndege za Ujerumani na Italia ziliupiga mabomu mji huo wa Wabaski, Uhispania, siku ya Jumatatu, siku ya soko. Uliza nchi, au uliza ndege zilikuwa za nani. Idadi ya waliokufa usiiguse: serikali ya Wabaski ilitangaza 1,654, watafiti wa baadaye wanataja mamia machache. Swali lenye majibu mawili linaleta ugomvi mezani, na waliokufa hawastahili kugombaniwa kwa pointi.

Shakespeare, 1564: alibatizwa siku hii. Alibatizwa, si alizaliwa. Kitenzi hicho kipigie mstari.

Sasa Chernobyl, kituo cha umeme wa nyuklia kule Ukraine, 1986, kinu namba 4. Mimi hii naiweka akiba ya kuvunja sare: "Mlipuko ulitokea saa ngapi, kwa saa za kule?" Anayekaribia zaidi anashinda. Jibu ni saa 7 na dakika 23, usiku wa kuamkia Jumamosi. Atakayesema "moja na ishirini na tatu" kwa hesabu ya Kizungu, mpe. Ila maneno "saa za kule" yasikosekane, maana Afrika Mashariki ilikuwa saa 6 na dakika 23. Narudia: "saa za kule" iwe ndani ya swali, si kwenye jibu.

Zilizobaki jaza kwa mtindo huohuo, ili zote 12 ziwe: 4 rahisi, 5 za kati, 3 ngumu. Usianze na ngumu, watoto watanyamaza mpaka mwisho. Soma swali mara mbili, hesabu kimoyomoyo hadi 15, ndipo ugeuze kadi.